Bulu ya Kufulia

Siku niliyofika nyumbani na habari kwamba nimefanywa komisari, nkambo wangu, yaani bibi yangu, aliacha kusonga bukari, mwiko ukabaki umesimama ndani ya sufuria. Aliuliza: komisari wa polisi, au wale wa wakati wa Mobutu, mawaziri wa kuvaa abakosti, lile koti lisilo na tai? Nikamwambia hapana, komisari wa picha. Akafikiri kidogo.

"Picha nazo zilifanya kosa gani?"

Kwa Kifaransa, lugha ya madarasa yetu, mtu anayechagua kazi za sanaa, kuzipanga ukutani na kuziandikia maelezo huitwa komisari wa maonyesho. Tulikuwa wanafunzi wanane, sita wa historia na wawili wa uchoraji. Jumba moja dogo la sanaa hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, lilimwomba mwalimu wetu vijana wa kusaidia kuandaa maonyesho ya uchoraji wa mji huu, tangu ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville. Niliposikia "kusaidia" nilidhani ni kubeba viti na kugawa soda. Wiki ya kwanza tukakabidhiwa funguo, daftari, na kuta nne tupu. Tulikuwa na wiki sita.

Jambo la kwanza tulilofanya, kama wanafunzi wote, ni kuchora mpango kabla hatujaona picha hata moja. Mpango ulikuwa safi sana. Ukumbi mkubwa tungewapa watu wa Hangar, karakana iliyofunguliwa mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, mwanamaji wa zamani, ambamo vijana waliachwa wachore bila kufundishwa kuiga Ulaya. Humo ndimo walimotoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga aliyejaza picha nzima kwa vistari vifupi vifupi kama mkeka, na Bela Sara aliyechovya vidole kwenye rangi akaachana na brashi. Chumba cha pili kingekuwa cha Akademia ya Sanaa, aliyoianzisha Laurent Moonens mwaka 1951. Na picha za sebuleni, zile zilizouzwa mitaani miaka ya 1970 na kutundikwa juu ya kochi katika nyumba za wafanyakazi, tuliziweka kwenye korido. Njiani kuelekea chooni, kusema kweli. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba ni picha za chini. Ramani ndiyo iliyosema.

Mwalimu aliutazama mpango wetu akauliza swali moja tu: "Za korido mtazipata wapi?" Tukajibu, kwenye nyumba za watu. "Basi nendeni huko kwanza."

Tukagawana mitaa: Kenya, Ruashi, Kamalondo. Mimi na mwenzangu mmoja, dada aliyetuzidi umri na ambaye wote tulimwita yaya, tukapata Katuba. Tuliingia nyumba kama ishirini. Nyingi zilikuwa na msumari bila picha. "Ilikuwa hapo," mama mmoja alituambia akionyesha mraba mweupe kwenye ukuta uliokolea moshi, "lakini tulipoanza kusali kanisa jipya, mchungaji alisema tuichome." Ilikuwa mamba muntu, yule mwanamke mweupe mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, saa mkononi, anayempa mtu utajiri kwa masharti ya siri. Wakati fulani hapa mjini nyumba bila mamba muntu ilikuwa kama nyumba bila redio. Siku ile nilijifunza kuandika kwenye daftari hata kile ambacho hakipo, na ule mraba mweupe baadaye tuliupiga picha, tukauonyesha.

Nyumba ya kumi na kitu ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu wa migodi. Sebule ndogo, viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda tatu za miaka iliyopita, na ukutani Colonie belge, yaani Koloni la Ubelgiji. Mtu wa Lubumbashi anaijua picha hiyo hata kama hajui mchoraji. Uwanja wa gereza, wafungwa wenye nguo za mistari myeusi na ya manjano, mmoja amelazwa chini anachapwa fimbo na askari mweusi, mzungu amesimama kando na kofia yake ngumu, wanawake wanaleta chakula, bendera ya Ubelgiji juu. Na maandishi: Colonie belge 1885-1959. Wachoraji wengi walitengeneza hiyo hiyo, kila mmoja kwa mkono wake, kwa sababu wateja waliitaka hiyo hiyo.

Nilitoa fishi yangu, karatasi ya kuandikia habari za picha, nikaanza kujaza: mchoraji hajulikani, vipimo, hali, miaka ya 1970. Mzee alinitazama kwa muda.

"Mwana, unaandika nini mule?"

"Habari za picha, Papa."

"Na mimi niko wapi mule ndani?"

Nilirudia fishi kwa macho. Hakukuwa na nafasi yake. Kulikuwa na mstari wa "mwenye mali", wa jina na sahihi, basi.

Akaanza kueleza. Kiti chake kilitazamana na picha kwa makusudi. Baba yake alichapwa hivyo, si gerezani bali kambini, kwa sababu ya kuchelewa. Picha aliinunua barabarani kwa kijana aliyebeba tano begani, akampunguzia bei kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Watoto wake wote saba walipigiwa hadithi chini ya picha ile. "Hii haiko ya kuangalia tu," alisema. "Iko ya ukumbusho. Unaona, njo unaanza kusema."

Ukumbusho. Darasani tulikuwa tumelisoma neno hilo, kwa Kifaransa na kwa maandishi ya mlazo kama ugonjwa. Mwaka 1973 na 1974 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha hapa, alikaa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huu, wakazungumza juu ya picha 101 zinazosimulia historia ya nchi, kuanzia wakati wa bankambo, mababu zetu, hadi wakati ule. Walizungumza kwa Kiswahili chetu cha hapa. Leo picha hizo ziko Amsterdam. Nilikuwa nimefaulu mtihani juu ya habari hiyo, pointi kumi na sita kwa ishirini. Lakini hadi Mzee aliponyoosha kidole kutoka kwenye kiti chake, sikuwa nimeelewa kwamba neno lile linasema juu ya kiti pia.

Alitukopesha picha. Yaya aliifunga kwa shuka mbili, tukaipandisha kwenye teksi ya pamoja, abiria wakalalamika, kisha mmoja akaomba kuiona, na mpaka mjini gari zima lilikuwa linabishana kama fimbo ilikomeshwa mwaka gani.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupita haraka.

Picha zote zilipofika, thelathini na moja, kila mmoja alipewa zake za kukagua. Unaweka picha mezani juu ya blanketi safi, unavaa glavu, unaandika kila mpasuko, kila doa, kila tundu la msumari, unapiga picha mbele na nyuma. Nyuma ya Colonie belge ya Mzee kulikuwa na herufi za bluu na nyekundu zilizofifia. Gunia la unga. Mchoraji alilikata, akalinyoosha kwenye fremu, akalipaka rangi nyeupe, akafanya kazi yake. Nilifurahi kama mtu aliyeokota hela. Tuliita kila mtu aje aone.

Kisha nikaigeuza tena. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu la mji huu lilikuwa limekaa juu ya anga lote la picha, na mimi, bila kuuliza mtu, nikachukua kitambaa laini, nikakilowesha kidogo, kidogo sana, nikapangusa pembe ya kulia juu. Vumbi likatoka. Nikapangusa tena. Kitambaa kikawa cha bluu.

Nilikaa chini. Pembe ile, ukubwa wa kiganja cha mkono, ilikuwa imebaki nyeupe yenye madoa, na nyuzi za gunia zinaonekana. Kanuni ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye mlango wa chumba: USISAFISHE. Ukiona vumbi, unaandika "vumbi". Mengine ni kazi ya mtaalamu wa kuhifadhi, ambaye naye hujaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa ncha ya pamba, si kwa kitambaa na haraka zake. Mchoraji wa barabarani alitumia rangi aliyoipata, ya nyumba, ya magari, ya unga, na huwezi kujua kwa macho ipi inavumilia maji.

Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu: "Kesho asubuhi utaenda Katuba. Peke yako."

Usiku ule sikulala. Nilitunga maneno ya Kifaransa, nikayaacha. Nikatunga ya Kiswahili cha kitabu, nikaona yananuka uongo. Asubuhi nilimkuta Mzee amekaa kwenye kiti chake, anatazama ukuta mtupu. Nikasema: Papa, nimeharibu picha yako. Nikamwonyesha kwenye simu.

Alivaa miwani. Alitazama muda mrefu, akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Ile bulu ni yangu."

Miaka ya nyuma bati lilivuja, maji yakashuka juu ya picha, anga likatoka pembeni. Mchoraji hakuonekana tena mtaani. Basi Mzee alichukua bulu ya kufulia mashati, akaichanganya na chokaa kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akapaka kwa kidole. Nilichofuta hakikuwa kazi ya mchoraji. Ilikuwa kazi ya mwenye nyumba.

Nakiri kwamba kwa nukta moja nilipumua. Sikuharibu "kazi ya sanaa"! Halafu nikamwona uso. Alikuwa bado anatazama ile pembe nyeupe, kidole chake kikitembea juu ya kioo cha simu kana kwamba anapaka. Fishi yangu haikuwa na mstari wa mwenye nyumba, na mkono wangu ulikuwa umemfuta pia ukutani.

Alisema atakuja kuipaka tena. Mwalimu akasema hapana: kitu kikiwa ndani ya maonyesho hakipakwi, tutaonyesha kilivyo na kueleza. Mzee akasema picha ni yake. Wote wawili walikuwa na haki. Majadiliano yalichukua siku tatu, nami nikiwa mjumbe kati ya Katuba na mjini, nauli mfukoni mwangu. Mwisho walikubaliana picha itundikwe na pengo lake, na etiketi, yale maelezo ya kando ya picha, iseme kila kitu, pamoja na kitambaa changu. Mzee aliongeza sharti: etiketi asomewe kabla.

Hapo ndipo tatizo la lugha, tulilokuwa tunalizungukazunguka, lilipotukamata. Etiketi zote tulikuwa tumeziandika kwa Kifaransa, na tafsiri ya Kiswahili tukaahidi "baadaye". Nilimsomea mlinzi wa jumba etiketi mojawapo. Alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Na picha yenyewe inasema nini?" Tukaanza upya, Kiswahili kwanza, maneno yasiyozidi sitini kwa kila picha. Jaribu. Maneno sitini ni pumzi tatu. "Huile sur toile" tuliandika "rangi ya mafuta juu ya turubai", mpaka yaya akasema: turubai gani, ni gunia la unga, andika gunia la unga. Tukaandika.

Halafu Kiswahili kipi? Wenzetu wawili waliosoma Uvira, mashariki mwa nchi, walitaka kile cha vitabu. Sisi wa hapa tukasema watu wa Katuba hawasemi "watu walikuwa wakichapwa", wanasema "batu balikuwa banapigwa fimbo". Mwalimu mmoja aliyepita kutusalimia aliguna kwamba tunaaibisha chuo kwa Kiswahili cha sokoni. Nilimkumbusha kwa adabu, labda si adabu nyingi, kwamba Tshibumba alieleza nchi nzima kwa Kiswahili hicho. Mwisho tuliafikiana: maelezo ya kawaida katika Kiswahili kinachosomeka na wote, na maneno ya wenye picha yaachwe kama walivyoyatamka, kati ya alama za kunukuu. Bado nadhani tulipaswa kwenda mbali zaidi.

Ule mpango wetu safi nao ukafa, taratibu, bila mazishi. Baada ya nyumba ishirini hatukuweza tena kuziweka picha za sebuleni korido. Tukazileta ukumbi mkubwa, tukaazima viti vya mbao na vitambaa vya kufuma, tukaviweka mbele ya kuta kama nyumbani. Katikati ya picha tunajua inatakiwa iwe karibu mita moja na nusu kutoka sakafuni, urefu wa macho ya mtu aliyesimama. Lakini sebuleni mtu hasimami. Tulikaa kwenye viti, mmoja akishika picha ukutani na mwingine akipiga kelele "shusha, shusha", pima maji mkononi, hadi tukafika mahali ambapo shingo haiumii. Vijana wa uchoraji walisema ni chini mno. Tulipiga kura. Picha za Hangar zikaenda chumba cha pili, kwenye mwanga mdogo, kwa sababu nyingi zilikuwa kwenye karatasi, na karatasi inachakaa upesi kwa mwanga. Madirisha tuliyaziba kwa pazia zito. Walipoteza ukumbi lakini wakapata utulivu, na vistari vya Mwenze vinahitaji utulivu.

Mamba muntu tuliyemwazima Kamalondo alileta mambo yake. Mama wa usafi alikataa kuingia chumba kile peke yake. Mmoja wetu alicheka, akakoma alipoona hakuna anayemfuata. Tulimhamishia ukuta ulio karibu na mlango, ambapo mtu anaweza kumwona akiwa na mguu mmoja nje. Wageni wengi walimtazama hivyo hivyo, mguu mmoja nje. Kando yake tukaweka picha ya ule mraba mweupe wa Katuba.

Siku ya ufunguzi ilikuwa na hotuba, nazipita. Umeme ulikatika saa kumi na mbili na robo, na watu wakawasha simu. Kwa mwanga ule, mbele ya picha ya Lumumba akiteremshwa kwenye ndege pale Luano, uwanja wa ndege wa mji huu, Januari 17, 1961, wazee wawili walianza kubishana. Mmoja alidai alikuwa karibu na uwanja siku ile, mwenzake akasema, "Wewe ulikuwa bado unanyonya." Watu wakaacha kutazama picha, wakawatazama wao. Mmoja wetu alitaka kuwatuliza, yaya akamshika mkono.

Mzee wa Katuba alifika siku ya tatu, na suti, na wajukuu wawili. Alikaa kwenye kiti kilichotazamana na picha yake. Mjukuu mkubwa alimsomea etiketi kwa sauti. Ilisema ni gunia la unga, ilisema kuhusu mvua na bei iliyopunguzwa, kuhusu fimbo ya kambini. Ilisema anga la pembeni liliwahi kurekebishwa na mwenye nyumba kwa bulu ya kufulia na chokaa, na kwamba mwanafunzi mmoja alilifuta kwa kitambaa chenye maji wakati wa kuandaa maonyesho haya. Mjukuu alipofika hapo aligeuka akanitazama. Sijui alinitambuaje.

Maonyesho yalidumu wiki nne. Kuteremsha picha kulichukua siku moja na nusu, fishi mkononi, kulinganisha kila doa na lile tuliloliandika mwanzo. Nilirudisha picha ya Katuba mwenyewe, na shuka zile zile mbili. Mzee aliitundika kwenye msumari wake, akarudi kitini, akaona imepinda, akaniambia niinyooshe. Halafu akaingia ndani, akatoka na kifuniko cha kopo, kipande cha chokaa ndani ya karatasi, na mfuko mdogo wa bulu.

"Chukua maji," alisema. "Kidogo. Wewe unayajua maji."

Nikaleta maji kwenye kikombe. Akakoroga kwa kidole mpaka rangi ikawa ile aliyoitaka, akanipa kifuniko nikishike, akapanda juu ya kiti.